Raundi ya kwanza ya mashimo 18, zimebaki wiki tatu: niandae nini, na adabu zipi nisizikosee?

Binti_Mikocheni

Shikamooni wakubwa, na wengine wote habari zenu.

Nimejifunza gofu miezi minne kwa mkufunzi, lakini kwenye uwanja wa mazoezi tu. Mpira sasa unaruka, si kila mara. Nimealikwa kwenye mashindano ya hisani hapa Dar: mashimo 18, watu wanne kila kundi, mfumo wa Stableford (wa kuhesabu pointi kila shimo), makundi yote kuanza pamoja saa moja na nusu asubuhi. Uwanja wenyewe sijawahi kuukanyaga.

Kucheza vibaya hakunitishi, walionialika wanajua mimi ni mgeni. Ninachoogopa ni kuwaharibia wenzangu siku kwa kutojua. Begi liwe na nini? Nifike saa ngapi? Kedi (mbeba begi) analipwaje na nimwambie nini? Nisimame wapi mwenzangu anapopiga? Na kuna sheria gani ambazo mgeni huzivunja bila kujua? Naomba majibu ya vitendo.

Begi_Begani

Marahaba dada. Mtu anayepiga mikwaju 120 na kwenda na mwendo hupendwa na kila kundi. Anayepiga 85 huku akiganda juu ya kila mpira, watu huomba wasipangwe naye. Kwa hiyo maandalizi yako yote yalenge kulinda muda.

Piga hesabu. Watu wanne wakipiga mikwaju 100 kila mmoja, hiyo ni mikwaju 400. Kila mkwaju ukichelewa sekunde 10 tu bila sababu, mmepoteza sekunde 4,000, yaani zaidi ya saa nzima. Raundi iliyopaswa kuisha kwa saa nne na nusu inapita tano na nusu, na kila kundi lililo nyuma yenu linasimama juani.

Begi. Sheria inaruhusu fimbo zisizozidi 14. Wewe saba zinakutosha: fimbo moja ya mbao ya kuanzia (namba 5 ni rahisi kuliko draiva, ile ndefu kuliko zote), haibridi moja, aironi namba 7 na 9, weji ya kawaida, weji ya mchangani, na pata ya kwenye grini (nyasi fupi sana zinazozunguka shimo). Fimbo chache maana yake maamuzi machache, na bega halichoki. Kama begi ni la kuazima, zihesabu kabla ya kuanza. Mara nyingi mwenye begi huwa amesahau fimbo ya mtu mwingine humo ndani, na ya kumi na tano ina adhabu hata kama hukuigusa.

Mipira 12, isiyo ya bei. Kila mmoja uuwekee alama yako kwa kalamu ya wino usiofutika, nukta mbili za kijani kwa mfano. Aina na namba hufanana sana, na kupiga mpira usio wako ni mikwaju 2 ya adhabu, tena unatakiwa urudi uucheze ulio wako.

Halafu mfuko wa nguo, na hapa ndipo wageni wengi hupoteza dakika. Mfukoni wakati wote kuwe na mpira mmoja wa akiba, vijiti vitatu vya kuwekea mpira, sarafu au kidude cha kuwekea alama, na kiuma cha kurekebishia grini. Kila safari ya kurudi kwenye begi kufuata kijiti ni nusu dakika.

Kwa joto la Dar chukua glavu mbili. Ya kwanza italowa jasho kabla ya shimo la sita. Itundike kwenye begi ikauke, vaa ya pili, zibadilishe hivyo hivyo. Taulo mbili ndogo, moja ya maji kwa ajili ya fimbo na mpira, moja kavu kwa mikono. Maji lita mbili, unywe kidogo kidogo tangu shimo la kwanza, kwa sababu kiu ikishakubana umechelewa. Ndizi na karanga hukaa tumboni vizuri kuliko chipsi. Mafuta ya kuzuia jua paka nyumbani, rudia katikati ya raundi, kisha futa viganja vizuri, la sivyo fimbo itateleza mkononi.

Kuhusu saa: karatasi ya makundi itaandikwa 7:30, kwa saa za kizungu. Wewe fika saa kumi na mbili na robo. Unahitaji kujiandikisha, kuonana na msimamizi wa kedi, kubadili viatu, kupiga mipira 20 ya kuamsha mwili (anza na weji, si draiva), na dakika 10 za kusukuma mpira kwenye grini ya mazoezi ili mkono ujue kasi ya siku hiyo. Usikose hizo dakika 10. Pia, makundi yanapoanza pamoja kila moja huanzia shimo lake. Ukiona umeandikwa 12B, wewe ni kundi la pili kwenye shimo la 12, na kufika huko kwa miguu kunaweza kuchukua dakika 15. Kwa sheria, kuchelewa ndani ya dakika 5 ni mikwaju 2 kwenye shimo lako la kwanza. Zaidi ya hapo unaondolewa.

Kedi. Klabu nyingi zina msimamizi wao na bei iliyobandikwa. Uliza bei kabla ya kuanza, weka noti ndogondogo tayari, na malipo yafanyike baada ya shimo la mwisho, si katikati ya uwanja. Ukiridhika ongeza kitu. Mkifika kibanda cha katikati, mnunulie naye kinywaji na kitafunwa. Ametembea umbali uleule na mzigo wako mgongoni. Mwanzoni kabisa mwambie: "Hii ni raundi yangu ya kwanza, naomba uniongoze." Kedi mzuri akisikia hivyo hubadili kazi yake: atakupa fimbo moja bila kukupa machaguo matatu, ataangalia mpira ulipoangukia wewe ukiwa bado umeinamisha kichwa, na atakuambia lini uokote mpira muendelee. Usimlaumu kwa mkwaju uliopiga wewe. Na usimtume avuke uzio, aingie mtaroni au kwenye kichaka cha miiba kutafuta mpira. Mpira hauna thamani ya mguu wa mtu.

Pwani_Jua

Niongeze la mavazi, dada mwenzangu, kwa kuwa ndilo huwarudisha watu mlangoni. Fulana yenye kola, sketi au suruali ya gofu, au kaptura ya kitambaa inayofika karibu na goti. Jinzi, nguo za mazoezi ya jimu na tisheti isiyo na kola viache nyumbani. Hijabu na mikono mirefu havina tatizo. Chagua kitambaa chepesi kinachokauka upesi. Viatu viwe na meno laini ya plastiki au soli bapa ya raba. Meno ya chuma klabu nyingi zimeyakataza kwa sababu yanachana grini. Kofia unaivua ukiingia ndani ya jengo la klabu. Simu iwe kimya tangu maegeshoni. Kila klabu ina mambo yake, kwa hiyo piga simu ofisini siku mbili kabla uulize: mavazi, viatu, na kama wageni wanabadili nguo chumbani au wafike wamevaa. Kuna klabu zinakataza kubadilishia viatu kwenye maegesho.

Mchezaji_Jumamosi

Majibu mazuri. Ila asisahau kwamba ukipotea mpira una dakika tano za kuutafuta, asiwe na wasiwasi akaacha mapema.

Kanuni_Nrb

Hapo nasahihisha, ndugu yangu. Dakika tano zilikuwa sheria ya zamani. Tangu Januari 2019 ni dakika tatu, zinazohesabiwa tangu wewe au kedi wako aanze kutafuta. Zikiisha, mpira umepotea hata ukiuona sekunde inayofuata.

Dada, kitabu kizima huwezi kukimeza kwa wiki tatu. Shika haya, maana ndiyo wageni huyavunja.

Mpira wa muda. Ukipiga ukaona mpira umeelekea kichakani au nje ya vigingi vyeupe, usitembee kwanza kwenda kuangalia. Waambie wenzako waziwazi, kabla hujapiga: "Napiga mpira wa muda," yaani wa kutumika ule wa kwanza usipopatikana. Ukisema tu "napiga mwingine," au ukanyamaza, huo wa pili ndio unakuwa mpira wako halali, na ukipiga hapo tii (mahali pa kuanzia shimo) unahesabiwa mkwaju wa tatu hata kama wa kwanza upo katikati ya feawei (njia ya nyasi zilizokatwa kuelekea grini). Maneno hayo manne huokoa safari ya kurudi nyuma mita 180 huku kundi la nyuma likiwatazama.

Vigingi. Vyeupe ni nje ya uwanja: mkwaju mmoja wa adhabu na unarudia pale ulipopigia. Vyekundu, ambavyo mara nyingi hufuata mitaro na madimbwi, vinakuruhusu kuangusha mpira ndani ya urefu wa fimbo mbili kutoka pale ulipovuka mpaka, bila kusogea karibu na shimo, kwa mkwaju mmoja. Unauangusha kwa usawa wa goti, si wa bega. Hilo nalo lilibadilika 2019.

Mchanga. Kwenye bunka (shimo la mchanga) usiguse mchanga kwa fimbo mbele au nyuma ya mpira, wala kwa mzungusho wa majaribio, wala unaponyanyua fimbo kwenda nyuma. Ni mikwaju 2. Jani au kijiti kilicho karibu unaruhusiwa kukiondoa, ila kwa uangalifu, mpira ukitikisika kwa sababu hiyo kuna mkwaju mmoja wa adhabu. Ukipiga mara mbili tatu mpira hautoki, kuna njia ya heshima: kubali mikwaju 2 ya adhabu, uangushe mpira nje ya bunka, nyuma, kwenye mstari unaotoka kwenye shimo ukipitia pale ulipokuwa. Watu wengi hawaijui njia hii, wanabaki humo wakichimba.

Ushauri. Fimbo gani nitumie, nipige vipi: hayo mwulize kedi wako tu, au mwenza wako kama mnacheza kama timu. Ukimwuliza mshindani, "umetumia namba ngapi?" ni mikwaju 2. Umbali, mahali kibendera kilipo, na sheria yenyewe inasemaje, hayo uliza yeyote.

Mambo yasiyo na adhabu, ili usitishike bure: mpira ukianguka kutoka kwenye kijiti kabla hujaupiga, urudishe tu. Ukiugusa kwa bahati mbaya kwenye grini ukasogea, urudishe mahali pake. Lakini ukikusudia kupiga ukakosa, ukapiga hewa, huo ni mkwaju. Uhesabu mwenyewe bila kusubiri mtu akukumbushe. Gofu haina refa anayekutembelea kila shimo. Hesabu yako ndiyo neno lako.

Wakati wa kupiga, kitabu kinapendekeza usizidi sekunde 40 tangu zamu yako ifike bila kizuizi. Mzungusho mmoja wa majaribio unatosha. Na zamu si lazima iwe ya aliye mbali zaidi na shimo: katika kuhesabu mikwaju, aliye tayari apige, mradi ni salama na amewaambia wenzake.

Nyasi_Hai

Wenzangu wamesema ya muda na ya sheria. Mimi nasema ya ardhi, kwa kuwa ndiyo inayobaki baada ya ninyi kwenda nyumbani, na kuna watu huamka saa kumi alfajiri kuiandaa.

Grini kwanza. Nyasi zake hukatwa hadi milimita 3 hadi 5 tu, na mzizi hauna mahali pa kujificha. Mpira ukianguka kutoka juu huacha shimo dogo. Wengi wanalirekebisha vibaya kuliko wangeliacha: wanachomeka kiuma chini ya shimo na kuinua udongo juu kama wanaopakua ugali. Hapo wanakata mizizi, na baada ya siku mbili pana doa la kahawia. Fanya hivi: chomeka kiuma pembeni, nje kidogo ya ukingo wa shimo, kikiwa kimelala kidogo. Sukuma nyasi kuelekea katikati. Zunguka, rudia pande nne au tano. Usiinue udongo wa chini hata kidogo. Maliza kwa kugonga polepole kwa uso wa pata mpaka pawe sawa. Sekunde 15 hazifiki. Lililorekebishwa hivyo hupona kwa siku chache. Lililoachwa hudumu wiki kadhaa, na mipira ya watu wengine inapinda hapo. Rekebisha lako na moja jingine utakalolikuta.

Hapo kwenye grini usiburuze miguu, usikimbie, usiegemee pata wakati unangoja. Begi halipandi grini. Shimo lina upana wa milimita 108 na kingo zake ni laini. Usisimame karibu yake, na mpira utoe kwa mkono. Wapo wanaouchokoa kwa kichwa cha pata na kumega ukingo, na kundi linalofuata linasukumia kwenye shimo lililovimba. Kibendera kilaze taratibu mbali na mistari ya watu, usikitupe.

Feawei. Kwa nyasi za bermuda, ambazo ndizo nyingi ukanda wa pwani, kipande kilichong'oka na kutawanyika ukikirudisha kinakauka tu. Nyasi hizi hujifunga zenyewe kwa kutambaa kutoka pembeni, kwa hiyo dawa ni mchanga: mimina mpaka usawa wa ardhi, kisha ukanyage. Usiache kichuguu, mashine ya kukata ikipita inakwanguliwa visu. Kedi wengi hubeba mchanga kwenye kifuko au chupa, mkumbushe. Nyasi za kikuyu za nyanda za juu hung'oka kipande kizima kama zulia. Hicho kirudishe, ukandamize kwa mguu.

Bunka. Ingia kwa upande wa chini, ulio karibu na mpira. Usishuke kwenye ukuta mkali: unamega mdomo wa bunka na kuuporomosha mchanga wote chini. Chukua reki unapoingia, uiweke karibu nawe, ili utoke ukirekebisha nyayo zako kwa kurudi nyuma. Vuta na kusukuma, usivute tu. Kila mtu akivuta kuelekea kwake, baada ya wiki katikati pamebaki udongo mtupu na kingoni kuna tuta. Kama kedi anasawazisha kwa reki, mwachie nafasi amalize. Msimwite mbele kabla hajamaliza.

Begi_Begani

Nyasi_Hai kasema kweli tupu. Ila reki iachwe ndani au nje?

Nyasi_Hai

Mimi napendelea nje, mpini ukiwa sambamba na mwelekeo wa uchezaji, ili isizuie mpira kuingia wala kutoka. Lakini zipo klabu zinazotaka ndani kwa ajili ya mashine za kukatia. Tazama bunka la kwanza mtakalolikuta, ufuate.

Binti_Mikocheni

Asanteni sana, nimenakili yote. Yamebaki haya. Kwenye Stableford nitajuaje kuwa sasa niokote mpira? Kundi la nyuma likitukaribia tunafanyaje? Na nimesikia kunguru wa Dar huokota mipira, hiyo inahesabiwaje? Lile la kusimama wapi bado halijajibiwa.

Kanuni_Nrb

Stableford inahesabu pointi kwa kila shimo. Ukilimaliza kwa kiwango chake (idadi ya mikwaju iliyopangiwa shimo hilo), baada ya kupunguza mikwaju ya handikapu yako (nyongeza unayopewa kulingana na uwezo wako), unapata pointi 2. Mkwaju mmoja zaidi ni pointi 1, miwili zaidi ni sifuri. Mmoja pungufu ni pointi 3.

Tuseme waandaaji wamekupa handikapu 36. Hiyo ni mikwaju 2 ya nyongeza kila shimo. Shimo la mikwaju 4 kwako linakuwa la 6. Ukimaliza kwa 6 una pointi 2, kwa 7 una 1, kwa 8 huna kitu. Kwa hiyo ukishapiga mara 7 na mpira haujaingia, okota, sema "nimeokota," tembea kando ya grini. Wakikupa 54, ambayo ndiyo handikapu ya juu kabisa katika mfumo wa dunia ulioanza 2020, una mikwaju 3 kila shimo, na unaokota baada ya 8. Kuokota hapo ni sehemu ya mfumo wenyewe, hakuna aibu.

Kunguru: ikijulikana wazi kwamba mpira uliotulia umebebwa na ndege au tumbili, hakuna adhabu. Weka mwingine pale ulipokuwa, na kama hamna uhakika wa mahali, kadirieni kwa pamoja. Lakini awepo aliyeona, au dalili zisizo na shaka. "Labda kunguru" hautoshi. Huo ni mpira uliopotea. Na usome kanuni za mahali nyuma ya kadi ya alama kabla ya kuanza, kwa sababu kila uwanja una mambo yake. Ule wa Jinja, Uganda, ulipata umaarufu kwa kanuni ya kuutoa mpira kwenye nyayo za kiboko bila adhabu.

Begi_Begani

Kusimama. Mwenzako akiwa kwenye tii, simama upande wa kifua chake, mita nne au tano, mahali anapoweza kukuona bila kugeuka. Usisimame nyuma ya mgongo wake, wala nyuma ya mpira kwenye mstari unaoelekea shimo. Kedi wako naye sheria inamkataza kujipanga kwenye mstari huo nyuma yako unapoanza kuchukua mkao. Asubuhi jua liko chini na vivuli ni virefu, kwa hiyo angalia kivuli chako kisianguke kwenye mpira wake au kwenye shimo. Acha kuongea akianza kujipanga, na hata sarafu mfukoni zitulie.

Usitangulie mbele ya mtu ambaye hajapiga, hata kama yuko pembeni sana. Mpira wa mgeni na wa bingwa unaumiza sawasawa.

Ukiona mpira wako unaelekea watu, wachezaji, kedi, wakata nyasi au wapita njia, paza sauti "Foo!" papo hapo, kwa nguvu zote, usingoje kuona utaangukia wapi. Wewe ukiisikia, usiinue kichwa kutafuta: jikunyate, funika kichwa kwa mikono, mgongo uelekee sauti. Halafu nenda kwa uliyemkaribia ukamtake radhi. Wakata nyasi wakiwa mbele, subiri wakupungie mkono ndipo upige.

Kwenye grini kuna mstari usioonekana kati ya kila mpira na shimo. Usiukanyage, zunguka au vuka kwa hatua ndefu. Na mpira hauishii shimoni kila mara, kwa hiyo hata nusu mita upande wa pili wa shimo upaheshimu, huenda ndipo mwenzako atakaporudishia. Kabla ya kuinua mpira weka sarafu nyuma yake. Ukiinua bila alama ni mkwaju mmoja. Sarafu ikimzuia mwenzako, isogeze pembeni kwa urefu wa kichwa cha pata ukilenga kitu kisichohama kama mti, kisha ikifika zamu yako uirudishe. Kusahau kurudisha ndiko huadhibu watu, mikwaju 2. Jizoeshe: ukisogeza sarafu, igeuze juu chini, ukiinama kupiga na kuiona imegeuka, utakumbuka.

Kundi la nyuma. Kipimo chenu ni kundi la mbele: mkiwa mnaliona mko sawa, hata kama wa nyuma wanawahemea kisogoni. Shimo zima likiwa tupu mbele yenu na nyuma kuna watu wanasubiri, wapisheni. Mahali pazuri ni shimo la mikwaju 3: mkishafika grini, wekeni alama, inueni mipira, sogeeni pembeni palipo salama, muwapungie wapige. Wakiwa wanatembea kuja, ninyi malizieni. Siku ya kuanza pamoja kupishana ni kugumu kwa kuwa kila shimo lina watu, ndiyo maana kuokota mpira mapema kuna umuhimu mara mbili. Na begi liachwe upande wa grini unaoelekea tii inayofuata. Alama andikeni mkishafika hiyo tii, si mkiwa mmesimama kando ya shimo.

Pwani_Jua

Radi na mvua nayo aijue. King'ora kirefu kimoja: simama papo hapo, usipige hata ule ulioshainamia, ondoka uwanjani. Vitatu vifupi vifupi: mnaweza kumalizia shimo mlilo nalo. Viwili vifupi: rudini mchezoni. Wakati wa radi mwavuli funga, fimbo weka chini, na usikae chini ya mti hata kama mvua inakulowesha.

Kanuni_Nrb

Ya mwisho upande wangu ni kadi. Wewe unaandika alama za mwenzako, naye anaandika zako. Mkimaliza, kaeni mezani, msomeane shimo kwa shimo, kisha wote wawili mtie sahihi. Sahihi ikikosekana, kadi haina kazi. Baada ya mkwaju wa mwisho kila mtu anavua kofia, mnashikana mikono, na kedi nao mnawashika mikono.

Begi_Begani

Kwa wiki tatu zilizobaki, dada, draiva iache kidogo. Kwa kila saa ya mazoezi, dakika 40 ziwe za pata na mikwaju mifupi ya chini ya mita 50, kwa sababu huko ndiko mgeni hupoteza zaidi. Tembea pia: raundi moja ni kilomita 8 hadi 10, na viatu vipya visivaliwe mara ya kwanza siku hiyo. Halafu omba klabu ikuruhusu jioni moja ya katikati ya wiki kuzunguka mashimo tisa na kedi, na fimbo mbili tu. Mlipe kama kawaida. Mwombe akuonyeshe vigingi viko wapi, unavukaje kutoka grini moja kwenda tii inayofuata, reki zinaachwa wapi, na maji ya kunywa yako shimo la ngapi.

Binti_Mikocheni

Nimeshapiga simu. Alhamisi saa kumi jioni, mashimo tisa, namba 7 na pata.